Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu vikao vyetu vilijikita katika jambo moja: miungu iliyo kwenye dinari za fedha za Kirumi. Wapo walionung'unika kwamba tumewatupa makaisari. Subirini, Kaisari anakuja.

Dinari, ambayo wengi wetu tuliisikia kwanza katika Injili, ilianza kufuliwa mnamo mwaka 211 KK, vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Carthage, vikiwa vimepamba moto. Za mwanzo zilikuwa na gramu 4.5 hivi. Mbele yupo Roma, mungu wa kike wa mji huo, amevaa chapeo, na kisogoni pake pana alama ya X, yaani kumi kwa tarakimu za Kirumi, maana dinari moja ilikuwa sawa na sarafu 10 za shaba zilizoitwa asi. Upande wa pili miungu pacha Castor na Pollux wanatimua mbio juu ya farasi, mikuki mkononi, nyota juu ya vichwa vyao.

Baadaye maofisa waliosimamia ufuaji wakaanza kuzipigia debe koo zao. Ukoo wa Julius ulijinasibu kuwa ni kizazi cha Venus, mungu wa kike wa mapenzi, basi Venus akaingia kwenye sarafu. Mwaka 44 KK Julius Caesar akaweka sura yake mwenyewe angali hai, jambo lisilokuwa desturi ya Roma, na nyuma akamsimamisha Venus akiwa amembeba Victoria, mungu wa ushindi. Kwa maoni yangu, hapo Venus ni mpiga kampeni tu.

Ila ninayoipenda kupita zote ni ya Titus Carisius, mmoja wa maofisa hao wa ufuaji, ya mwaka 46 KK. Mbele yupo mungu wa kike Juno Moneta, ambaye karibu na hekalu lake ndipo fedha ya Roma ilipofuliwa. Nyuma zipo zana za kazi: fuawe, koleo na nyundo. Mafundi nao wakapata nafasi yao!

Kwa wanunuzi: dinari bandia za zamani zina shaba ndani na ngozi ya fedha juu. Kagueni ukingo kwa lenzi. Penye mchubuko hutokeza kijani. Na tafadhali, msisugue sarafu kwa limau wala majivu.

Hesabu atazisoma mhazini. Wenye madeni ya ada wanajijua.

Mwakani, mkiridhia, tutachukua antoniniani, sarafu aliyoianzisha kaisari Caracalla mwaka 215 BK, na Sol, mungu jua. Katibu anapokea majina ya watakaoandaa mada.

Mwenyekiti