Kwa somo yangu wa Tabora

Ujiji, Kigoma

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila wiki hii mbalamwezi imewaka, wavuvi wamelala majumbani na bei ya dagaa haishikiki.

Jumapili tulisoma hitma ya bibi. Unajua nimerithi jina lake, naye alilirithi kwa mama yake, yule aliyekuwa akipakia magunia ya dagaa kwenye Liemba, ile meli ya Wajerumani ya 1913, mpaka Mpulungu, peke yake. Bibi akaishika biashara hiyohiyo, na ukunga juu yake. Nikipita sokoni nasikia, "Mjukuu wa mkunga huyo!" kisha wananikodolea macho kana kwamba kuna jambo nitafanya. Mama naye, kwa vile kwao Kasulu, akiniona nimejikunyata hunitajia Mwami Theresa Ntare aliyetawala Heru, kabla uchifu haujafutwa 1963. Jamani, Mwami na mimi wapi na wapi? Mimi hata kumwambia konda "shusha" nashindwa. Nimeshapitilizwa kituo mara ngapi!

Basi, dua ilipokwisha mjomba akasema, "Somo wa marehemu atatoa neno." Nilikuwa nimebeba sahani ya pilau. Nikasimama nayo hivyohivyo. Maneno nilikuwa nayo, nimeyaandika usiku nyuma ya daftari la madeni la bibi. Mdomo ukakauka. Mchuzi ukanichirizikia mkononi, wa moto, nisiweze hata kuiweka sahani chini. Mwishowe binamu yangu, yule chiriku, akainuka akasema yeye. Alisema vizuri, watu wakalia. Nilishukuru, na usiku nikamchukia kidogo. Usimwambie mtu.

Sasa wamekaa kikao: meza ya dagaa pale Kibirizi niishike mimi, eti jina ndilo langu. Kupima naweza. Dagaa wenye mchanga nawajua nikiwasugua tu kiganjani. Shida ni kuita wateja. Bibi akiita, mpaka waliomo kwenye maboti ya Burundi waligeuka.

Giza likirudi wavuvi wataingia ziwani, na mimi nitakuwa nyuma ya mizani. Panda treni, uje ukae nami siku mbili tatu. Wewe utaita, mimi nitapima.

Somo yako