Malalamiko kuhusu ratiba ya siku 16 ya kuendesha gari na watoto watatu

11 Mei 2026

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: RATIBA, VOCHA YA GARI NA VITI VYA WATOTO, SAFARI YA 1–16 AGOSTI 2026

Tumepokea ratiba, vocha ya gari na orodha ya hoteli kwa safari ya Frankfurt, Munich, Innsbruck, Verona, Milan, Lucerne na kurudi Frankfurt. Malipo yote mmeshayapokea. Fomu yenu ya kwanza iliuliza umri, urefu na uzito wa watoto, nasi tukajaza: mmoja wa miezi 9, sm 70, kilo 8.5; wa pili wa miaka 3, sm 96, kilo 14; na wa tatu wa miaka 6, sm 116, kilo 21. Mlichotutumia ni ratiba ya watu wazima wawili, na watoto wanaonekana kwenye bili tu.

Tunaanza na vocha, maana kosa lake linaweza kutuachia gari lisilo na bima. Imeandikwa kwamba gari linaruhusiwa kuvuka mipaka "ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya". Uswisi si mwanachama wa Umoja huo. Njia mliyoichora kutoka Milan kupitia Lucerne hadi Ujerumani inapita Uswisi, tena kwa kulala usiku mmoja. Kwa maneno ya vocha yenyewe, ajali au wizi ukitokea huko mkodishaji ana sababu ya kukataa kulipa. Tunataka kibali cha maandishi kinachotaja nchi kwa majina: Ujerumani, Austria, Italia na Uswisi. Jibu la simu kwamba "huwa hakuna shida" halitatusaidia mbele ya askari wala mbele ya bima.

Ukurasa huohuo unasema tozo zote za barabara zimelipwa. Zimelipwaje? Stika ya kidijitali ya Austria, ile ya kulipia barabara kuu, na ya Uswisi vilevile, hufungwa kwenye namba ya gari, na namba hiyo haijulikani hadi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Uswisi haiuzi stika ya siku chache. Ipo ya mwaka tu, faranga 40. Austria ipo ya siku 10, lakini haihusu barabara ya A13 ya Brenner kutoka Innsbruck kwenda mpakani, ambayo ina tozo yake peke yake. Italia hakuna stika kabisa: unachukua tiketi unapoingia barabara kuu na kulipa unapotoka. Kama fedha za tozo mlizitoza, tuonyesheni mchanganuo. Kama bado hamjazilipa, rudisheni, tutalipa wenyewe.

Sasa viti vya watoto. Orodha yenu ina viti viwili vya "kilo 9–36" na mto mmoja wa kumwinulia mtoto, usio na mgongo. Kiti cha kilo 9–36 hutazama mbele, na mtoto wa kilo 8.5 hajafikia hata uzito wake wa kuanzia. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa, inayopima kiti kwa urefu wa mtoto, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Sababu yake si urasimu: kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kulinganisha na shingo yake, na gari likigonga kwa mbele, kiti kinachotazama nyuma huupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kando ya dereva kama mfuko wa hewa wa hapo unafanya kazi, hivyo msitupendekezee tena "mmoja akae mbele" kama njia ya kupata nafasi.

Mto wa kuinulia nao haumfai wa miaka 6. Tangu 2017 miundo mipya ya mito isiyo na mgongo huidhinishwa kwa watoto waliozidi sm 125 na kilo 22 tu, na yeye hajafika popote kati ya hapo. Mito ya zamani bado ni halali kutumika, tunajua, lakini haina kinga ya ubavuni, na mtoto akisinzia huinama na mkanda ukahama kutoka begani kwenda shingoni. Tunaomba kiti chenye mgongo mrefu.

Hata mkileta viti sahihi, havitaingia kwenye gari mlilochagua. Magari mengi ya viti vitano yana nanga za Isofix, yaani vyuma vya kubanisha kiti cha mtoto, kwenye viti viwili vya pembeni tu. Kile cha katikati ni chembamba, na kiti cha mtoto kikishabanwa hapo, kifungio cha mkanda hufunikwa na mkono hauingii. Tunataka gari lenye viti vitatu vinavyojitegemea safu ya pili, kila kimoja na Isofix yake, na safu ya tatu ikilazwa ili buti ibaki kwa masanduku mawili, kigari cha mtoto na kitanda cha kukunja. Tunaelewa kwamba wakodishaji hawaahidi aina ya gari. Basi andikeni sharti lenyewe, "Isofix tatu safu ya pili", badala ya "au linalofanana nalo".

Kuhusu saa za barabarani, inaonekana mlinakili muda wa ramani bila kugusa kitu. Frankfurt hadi Munich ni karibu km 390, nanyi mmeandika saa 4. Mtoto wa miezi 9 hapaswi kukaa kwenye kiti cha gari zaidi ya saa 2 mfululizo. Kila kituo humaliza dakika 40 kwa haraka: nepi, kunyonyesha, choo cha wa miaka 3, kisha kuwafunga wote upya na kugundua kiatu kimoja hakipo. Saa 4 za ramani ni 6 kwa familia hii, kabla ya foleni. Na siku mliyoipanga ni hiyohiyo ya kushuka kwenye ndege ya usiku! Dereva aliyekesha asipewe barabara ambayo sehemu zake hazina kikomo cha mwendo. Usiku wa kwanza uwe Frankfurt.

Mmetuvusha Brenner Jumamosi 8 Agosti, na handaki la Gotthard, lenye urefu wa karibu km 17, Jumamosi 15 Agosti. Jumamosi za Agosti ndizo siku za kukwepa njia hizo mbili, na tarehe 15 ni sikukuu nchini Italia. Kupanda kona za juu ya mlima ili kukwepa foleni ya handaki si suluhisho: watoto kuanzia miaka 2 ndio wanaoshikwa na kichefuchefu zaidi, na zile ni kona hasa. Sogezeni siku hizo mbili ziwe Jumanne au Jumatano, tuondoke saa 12 asubuhi.

Yapo madogo pia. Ununuzi wa nepi na maziwa ya kopo mmeupanga Jumapili 2 Agosti, siku ambayo maduka ya Ujerumani hufungwa isipokuwa ya stesheni kubwa, viwanja vya ndege na vituo vya mafuta. Hoteli ya Verona ipo ndani ya eneo lenye kizuizi cha magari, ZTL. Kamera hupiga picha namba ya gari, faini humfikia mkodishaji, naye huongeza ada yake. Hoteli iandikiwe mapema kwamba tutawapa namba siku ya kuchukua gari ili waisajili. Vocha ina dereva mmoja. Ongezeni wa pili. Na mmetutoza kengele ya kuzuia mtoto asisahaulike garini mkidai ni sheria ya Italia. Sheria ipo, lakini inahusu magari yaliyosajiliwa Italia, au ya nje yanayoendeshwa na wakazi wa Italia. Gari letu litasajiliwa Ujerumani na sisi si wakazi. Ada hiyo irudishwe yote.

Tunataka vocha iliyorekebishwa, orodha mpya ya viti na ratiba yenye siku zilizosogezwa, vyote kwa maandishi, ifikapo Jumatatu 25 Mei 2026. Gari na viti visipopatikana kama tulivyoeleza, futeni sehemu ya gari na kurudisha fedha zake kamili; hoteli tutabaki nazo, isipokuwa ile ya Verona kama haiwezi kusajili namba.

Wateja wenu,
Wazazi wa watoto watatu waliotajwa kwenye fomu