Kurunzi kumi na moja nyumbani na hata moja haikuwaka

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba unipe nafasi niseme habari ya kurunzi, tochi kama wanavyoita wengine, maana lililonifika mimi najua limo kwenye nyumba nyingi hapa Pemba na Unguja pia ila watu hawalisemi mpaka liwafike.

Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, saa nane hivi, mkwe wangu kaamka anataka kwenda chooni, kateremsha mguu kutafuta ndara zake na tandu kamuuma kidole gumba. Bibi ana miaka sabini na kitu, alipiga ukelele mpaka jirani wa pili akasikia. Mimi mbio kwenye kurunzi iliyotundikwa ukutani, haiwaki. Nyengine juu ya kabati, ikawaka nyekundu kama ncha ya sigara halafu ikazima mkononi mwangu. Ya tatu ya watoto, kimya. Simu yangu ina asilimia nne na hiyo hiyo ndo nataka nimpigie baba watoto aliyekuwa baharini. Basi tukapanda sote kitanda kimoja, bibi analia, watoto wamekunja miguu, tandu hatujui yuko wapi, yuko chini, yuko kwenye shuka, hatujui, tukakaa hivyo mpaka jirani akaja na taa yake ndo akaonekana amejibanza nyuma ya mguu wa kitanda. Alhamdulillahi mguu ulivimba siku mbili ukashuka, lakini mimi usingizi haukunijia tena usiku ule, si kwa tandu, kwa hasira.

Asubuhi nilizikusanya zote nikaziweka juu ya jamvi. Kumi na moja Mhariri! Nne zile za kuchomeka ukutani zenye vipini viwili nyuma, tatu za mawe, yaani betri kavu, mbili za kuchaji kwa waya wa simu, moja ya kuvaa kichwani na moja ndogo ya kwenye funguo. Nikipiga hesabu ya pesa zilizokwenda pale ningeweza kununua tatu za maana na chenji ikabaki.

Tabia hii ya kununua kila inayopita naijua imetoka wapi. Sisi wa Pemba mpaka mwaka 2010 ulipokuja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha, na giza tulilizoea. Mimi mwenyewe nilikuwa Unguja kwa dada yangu Mwanakwerekwe ule wakati umeme ulipopotea kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, na mwaka mmoja na nusu nyuma yake, 2008, walishakaa karibu mwezi gizani. Wakati ule mtu akiona kurunzi anabeba, haulizi. Tumetoka kwenye dhiki ile lakini mkono umebaki vile vile, bei ikiwa rahisi na mwanga ukipiga dukani unatia macho kiza, tunanunua.

Mtoto wa dada yangu anasomea umeme, alikuja siku ile ile akazifungua moja moja na mimi nimekaa pembeni nauliza. Zile nne za ukutani ndani mna betri ya asidi, kijiboksi kidogo kizito. Betri ya namna ile ikikaa imeisha chaji inaota unga mweupe kwenye bati zake za ndani na baada ya hapo chaji haipokei tena, na sisi ndivyo tunavyofanya, tunaitumia siku umeme umekatika, inaisha, tunaitundika mpaka miezi mitatu mbele. Halafu kile kijitaa chekundu kinawaka ukichomeka unadhani inachaji kumbe imekufa zamani. Na hazifunguki, yaani zimegundishwa, ikifa betri imekufa kurunzi nzima. Zile za mawe, mawe yamevuja, maji yamegeuka ukoko wa kijani kwenye springi. Mbili tulizisafisha kwa ndimu na pamba, tukakausha vizuri, tukasugua na kifutio cha penseli, zikawaka. Ya tatu springi ilikatika.

Sasa nije kwenye hii ya kichwani maana hii ndo iliyonifanya nishike kalamu. Niliinunua dukani mwaka jana, imeandikwa maandishi makubwa ya dhahabu kwamba mwanga wake ni lumeni laki moja na betri yake 9900, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Ilikuwa inakaa saa moja na nusu inakata. Ile betri ni duara ndefu, wanaiita 18650, na mtoto wa dada kanieleza kwamba ile namba ni kipimo tu, unene milimita 18 na urefu milimita 65. Kasema betri ya kweli ya umbo lile inakuwa 2500, ikiwa nzuri sana 3500 hivi, hiyo 9900 haipo. Sikumuamini moja kwa moja, mtu akiandika kitu kwenye boksi nilidhani lazima kuna aliyekagua. Basi tukaenda kwa sonara mmoja tunayejuana, tukamuomba mizani yake ya dhahabu. Tukaweka kwanza betri iliyotoka kwenye laptopu mbovu, namba ile ile, umbo lile lile, gramu arobaini na sita. Tukaitoa tukaweka ile yangu ya 9900. Gramu ishirini na saba. Sonara mwenyewe akaigeuza geuza mkononi akaipima mara ya pili akidhani mizani imekosea. Haikuandikwa hata kiwanda ilikotoka. Hatukuipasua kuangalia ndani, betri za lithiamu hazipasuliwi zinashika moto, lakini gramu kumi na tisa zilizokosekana pale ndo saa za mwanga nilizolipia na sikupewa.

Tangu hapo nimekaa nikafikiri kwa utulivu, nyumba kama yetu inahitaji kurunzi ngapi hasa? Sikuanza na kurunzi, nilianza na kazi. Kwenda uwani usiku. Kumuangalia mtoto mwenye homa bila kuwaamsha wengine. Kupika daku umeme ukikatika. Kuchambua karafuu. Kwenda msikitini na kurudi. Bahari. Kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Nikaona zote hizo zinatoshwa na tatu, na hizo tatu zinakula betri za aina mbili tu, na sharti langu ni moja sina jengine, betri itoke. Kama betri haitoki kwa mkono wangu mwenyewe silipi.

Ya kwanza ni ya kichwani, na hii kama mtu hana uwezo wa tatu basi anunue hii peke yake. Mwanamke kazi zake zinataka mikono miwili. Huwezi kukuna nazi na kurunzi umeibana kwapani, huwezi kumfunga mtoto nepi na kurunzi umeiuma kwa meno, nimefanya yote hayo miaka na miaka. Iwe na mwanga wa chini kabisa, lumeni tano zinatosha ndani ya chumba, macho yakishazoea giza, na yanataka kama nusu saa kuzoea vizuri, mwanga mkali wa ghafla unayaharibu tena na unamuamsha mtoto. Na iwe na wa kati, mia au mia mbili.

Hapa kwenye karafuu nataka niseme kidogo kwa sababu nimeona watu wanakosea. Msimu ukifika tunakaa ukumbini usiku, lundo katikati, kila mtu anachukua shada lake analivunja kiganjani, karafuu huku makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Mwaka juzi vijana walikuja kila mmoja na taa yake kichwani, ikawa mateso, ukinyanyua uso kumsemesha mwenzio unamchoma macho, yeye akikujibu anakuchoma wewe, watu wakaanza kuzungumza wameinama kama wamegombana. Dawa yake nimeipata, taa moja tu ya kichwani inatosha watu sita. Unachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa maji, unaifunga ile taa kwa mpira wake iangalie ndani ya chupa, unatundika kwenye boriti. Mwanga unatawanyika chumba kizima laini kama wa kandili, karafuu unaiona na konyo unaliona na uso wa mwenzio unauona. Kama dari lako ni jeupe hata chupa huhitaji, ielekeze juu basi.

Ya pili ni ndogo ya mkononi inayotumia jiwe moja dogo, lile la saa ya ukutani. Sababu yake si mwanga, mwanga wake mdogo, sababu ni kwamba jiwe lile utalipata duka lolote la kijiji, Konde, Micheweni, Kojani, hata siku ambayo umeme umepotea wiki nzima na huna pa kuchajia. Hii inakaa kwenye mkoba wangu na nikilala inakaa chini ya mto. Ikiwa huitumii sana litoe jiwe liweke pembeni, lisije likavuja ndani.

Ya tatu ni ya baba watoto na nyumba ambayo haina mtu wa bahari wala shamba la mbali inaweza kuiacha. Hii ndo inayotakiwa kupiga mbali na isiingie maji. Shemeji yangu aliniambia nitafute yenye lumeni nyingi, lakini lumeni ni mwanga wote uliotoka, haikwambii unakwenda wapi, kurunzi inaweza kuwa na lumeni elfu ikazimwaga zote miguuni kwako. Ya baharini inataka kioo kirefu ndani kinachokusanya mwanga uwe fimbo. Na kuona mbali mara mbili kunataka ukali mara nne, kwa hiyo mwenye kukuuzia ile ndogo ya kidole akakwambia inafika kilomita mbili mwache aseme. Upande wa maji tazama pameandikwa IPX8 au IP67, hiyo 67 maana yake vumbi haliingii na ikizama mita moja nusu saa inatoka inawaka, ile ya IPX4 ni ya mvua tu. Tuliijaribu yetu, tuliiacha inawaka ndani ya ndoo ya maji tangu magharibi mpaka isha. Betri yake ni ile ile 18650 ya kichwani, kwa hiyo tuna betri tatu za kweli zinazunguka, mbili ndani ya taa na moja imejaa inasubiri, na chaja moja inayokata yenyewe ikishajaa.

Shemeji anasema yote haya ya nini na kila mtu ana simu yenye taa. Nampenda shemeji yangu lakini kwa hili simkubalii. Simu ni ya kuita msaada. Usiku wa tandu mimi nilichagua kati ya kuona na kupiga simu, na mtu asifikishwe kwenye kuchagua hivyo. Na anayesafiri usiku kwa chombo, sisi wa kisiwa hiki tunaukumbuka usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander, hatuhitaji kukumbushwa, basi asipande chombo hana taa yake mwenyewe ya kuhimili maji, hata ndogo, mfukoni si ndani ya begi.

Kandili la mkwe wangu nimelisafisha kioo limebaki kabatini ni lake na analipenda, ila kibatari nimekitoa nyumbani. Moshi ule kwa watoto, na moto, hapana.

Ninachoomba Mhariri ni hiki. Wenye maduka tunawajua ni ndugu zetu na najua wengine nao wanaletewa mzigo hawajui kilichomo, lakini mizani kila duka la chakula linayo. Wapime betri kabla hawajaiweka kwenye kabati la kioo, 18650 ikiwa haifiki hata gramu arobaini wairudishe ilikotoka. Na wanaosimamia viwango vya bidhaa waangalie maandishi ya kwenye maboksi ya kurunzi kama wanavyoangalia tarehe ya unga na maziwa. Pia tupate pahala pa kupeleka betri zilizokufa, mimi ninazo nane kwenye kopo la maziwa, kuzitupa pwani sitaki na kuzichoma haifai.

Na kama kuna mfanyabiashara Wete au Chake Chake anauza taa ya kichwani ambayo betri inatoka, na ataniruhusu niiweke kwenye mizani kabla sijalipa, atoe tangazo humu humu gazetini. Kikundi chetu cha akina mama tuko kumi na nne na msimu wa karafuu hauko mbali, tutakuja pamoja.

Mama wa watoto wanne,
Wete, Pemba