Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Mwaka huu klabu yetu ilichagua kusoma habari za moto wa nyika na misitu duniani. Tulianza tukiwa na jibu mfukoni: dunia imepata joto, basi moto umezidi kila mahali. Takwimu zikatuumbua.

Mheshimiwa, kwa vipimo vya setilaiti, kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani kwa mwaka lilipungua kwa karibu robo. Aliyeuzuia moto si zimamoto, ni mkulima. Sehemu kubwa ya ardhi inayoungua kila mwaka ni mbuga za nyasi za Afrika, na nyasi zikishakatizwa na mashamba, barabara na mifugo, moto hukosa pa kupita.

Basi tufurahi? Hapana. Nyasi zilizoungua huota tena mvua ikinyesha, na sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyotoka hurudi humo humo. Msitu hauna haraka hiyo, na misituni ndiko moto unakozidi makali. Mwaka 2023 Canada ilipoteza zaidi ya hektari milioni 15, na moshi wake ukaligeuza anga la New York kuwa la rangi ya chungwa.

Hapa ndipo tabianchi inapoingia. Kila hewa inapozidi joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvua isiponyesha, hewa hiyo yenye kiu huunyonya unyevu kwenye majani, matawi na udongo. Theluji nayo huyeyuka mapema, kiangazi kikarefuka. Hata usiku, ambao zamani uliwapa wazima moto nafasi ya kupumua, siku hizi hauna baridi ya kutosha kuulaza moto.

Lakini joto haliwashi kiberiti. Nchini Marekani, kati ya mioto iliyolazimu kuzimwa tangu 1992 hadi 2012, asilimia 84 iliwashwa na watu. Mji wa Paradise, California, uliteketea Novemba 2018 kwa cheche za nyaya za umeme, wakafa watu 85. Indonesia ilichimba mifereji kukausha ardhi ya mboji, yaani kinamasi cha mabaki ya mimea yaliyorundikana, ili ipande michikichi na miti ya karatasi. Ukame wa El Niño, ambayo huko hupunguza mvua, ulipofika 2015, ardhi yenyewe ikawaka, moto ukatambaa chini kwa chini ambako maji ya kumwaga juu hayafiki.

Kuna kosa jingine, nalo lilitugombanisha klabuni hadi kengele ikalia. Mwaka 1935 wakuu wa misitu wa Marekani waliagiza kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Agizo lilionekana la busara. Miaka ikapita, matawi makavu na miti midogo ikarundikana, na moto ulioshinda nguvu za watu ukakuta karamu imeandaliwa. Wenyeji wa asili wa Australia walikuwa wakichoma vipande vidogo vidogo mapema, kabla nyasi hazijakauka sana, tangu maelfu ya miaka. Wageni walipofika wakawakataza. Baadhi yetu bado wanashikilia kuwa moto wowote ni uharibifu. Walio wengi tumeshawishika kwamba moto mdogo wa wakati wake ni kinga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kupata kompyuta na intaneti. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina ramani ya bure inayoonyesha moto popote duniani saa chache tu baada ya setilaiti kupita juu yake; hadi sasa tumeiona kwenye simu ya mwalimu mmoja, tukipokezana. La pili, huko unakoketi na watunga sheria, uulize fedha za moto zinatumika lini: kabla haujawaka, au baada?

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi, Klabu ya Mazingira