Risala ya Wafanyakazi wa Hoteli Waswahili wa London kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Wengi wetu hapa tunatandika vitanda vya hoteli na kuosha vyombo katika mikahawa ya jiji hili. Ndiyo maana mwaka huu tumechagua kujifunza historia ya The George, nyumba ya wageni ya Southwark, hatua chache kutoka London Bridge.

Jengo la sasa lilijengwa mwaka 1677, baada ya moto wa 1676 kuteketeza lililotangulia. Magari ya farasi yaliingia uani, abiria wakapanda ngazi hadi vyumba vinavyofunguka kwenye roshani ndefu za mbao. Ukisimama uani leo na kuinua macho, utaziona roshani hizo zimeinama kidogo kwa uzee.

Mwaka 1836 reli ilifika London Bridge, na biashara ya magari ya farasi ikaanza kufa. Hapo ndipo tunapomheshimu Bi Frances Scholefield, mjane aliyeiendesha nyumba hii katika miaka hiyo migumu. Fikiria, Mheshimiwa: wateja wanapanda treni, naye bado ana mashuka ya kufua, farasi wa kulisha na wafanyakazi wa kulipa. Hospitali ya Guy's ilinunua jengo mwaka 1849, kisha likaenda kwa kampuni ya reli ya Great Northern, ambayo mwaka 1889 ilibomoa sehemu kubwa na kubakiza upande wa kusini tu. Inauma. Katika mabaki hayo Bi Amelia Murray, na baada yake binti yake Agnes, waliendelea kupokea wageni hadi karne iliyofuata. Mwaka 1937 jengo likakabidhiwa National Trust, shirika linalohifadhi majengo ya kale. Ndilo pekee lenye roshani za namna hiyo lililobaki London.

Mheshimiwa, majina ya wanawake hawa tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Wapo miongoni mwetu waliolelewa na mama wenye nyumba za kulala wageni Tanga, Moshi na Kigoma, na habari zao hazijaandikwa popote. Tunaomba utusaidie vinasa sauti na nauli ya vijana wawili wakawahoji mama hao wangali hai.

Tunaomba kuwasilisha.