Mjomba, daftari lako linanipa haki mimi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Daftari lako la matokeo ya mpira bado ninalo na liko salama, ingawa jalada lake limeanza kuachia uzi. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu kila tunapoanza kulizungumzia jambo hili mbele ya televisheni mwamuzi hupuliza filimbi kabla sijamaliza sentensi ya pili, nawe huninyooshea kiganja ninyamaze. Maneno yako ya mara ya mwisho nayakumbuka yote: kwamba zamani mpira ulikuwa mpira, na kwamba sisi wa kizazi hiki tumeuharibu kwa kuuingizia siasa na fedha. Kwa upande wa fedha sina ugomvi mkubwa nawe. Kwa upande wa siasa naomba unisikilize, maana sehemu kubwa ya ushahidi wangu nimeichota humohumo daftarini.

Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka 1970. Umeandika kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa kijana asiyetaka kukosea, "Moroko 1, Ujerumani Magharibi 2", na pembeni ukaongeza neno moja: "Tuliongoza!" Ni kweli waliongoza, kwa bao la Houmane Jarir, hadi kipindi cha pili Uwe Seeler aliposawazisha na Gerd Müller akamaliza kazi. Hukuandika, hata hivyo, jinsi Moroko walivyofika Meksiko. Katika Kombe la Dunia la 1966 kulikuwa na nafasi 16, na Afrika haikupewa hata moja ya uhakika. Mshindi wa bara zima alitakiwa akapambane na mshindi kutoka Asia kugombea kiti kimoja. Ghana ya Kwame Nkrumah, kupitia mkurugenzi wake wa michezo Ohene Djan, ilikataa dharau hiyo, na nchi nyingine za Afrika zikakataa pamoja nayo, zikajitoa na kutozwa faini. Walikuwa na sababu nyingine pia, nayo ni Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambayo FIFA, shirikisho la mpira wa miguu duniani, iliifungia mwaka 1961 na kuifungulia mwaka 1963 kana kwamba kuna kilichobadilika. Nkrumah alikwisha kupinduliwa kabla mashindano ya 1966 hayajaanza, lakini kufikia 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake. Ile "Tuliongoza!" yako ililetwa na mgomo wa kisiasa.

Fungua sasa ukurasa wa 1978. Ni ukurasa mzuri kuliko yote. "Argentina 3, Uholanzi 1, dakika za nyongeza", na jina la Mario Kempes umelipigia mistari miwili kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipitisha kidole juu ya tundu lile, nikikuomba unisimulie tena zile karatasi zilizorushwa kutoka majukwaani zikafunika nyasi. Nilikuwa mtu mzima tayari niliposoma kwamba mwendo mfupi wa miguu kutoka uwanja ule wa Monumental, mjini Buenos Aires, palikuwa na chuo cha mafundi wa jeshi la majini, ESMA, kilichogeuzwa kuwa mahali pa kufungia na kutesea watu, na kwamba baadhi ya walionusurika wameeleza jinsi walivyosikia vifijo vya mabao wakiwa ndani. Kombe lile nahodha Daniel Passarella alikabidhiwa na Jenerali Jorge Videla, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi ya Machi 1976. Hakuna mchezaji aliyeleta siasa uwanjani siku ile. Aliyezileta alikuwa amevaa suti na kukaa jukwaa la wageni wa heshima, na hakuna aliyemwambia asichanganye mambo.

Sikusimulii haya ili nikuharibie Kempes. Kempes hana hatia, na yale mabao mawili ya fainali ni mabao hadi kesho. Ninachosema ni kwamba ile miaka unayoiita ya mpira mtupu ilikuwa na siasa hadi shingoni. Tofauti ni kwamba wewe uliisikia kwa redio, na mtangazaji wa redio hakukuambia kilichokuwa ng'ambo ya ukuta.

Kuna mechi moja ambayo haimo kabisa katika daftari lako, nami naielewa sababu, kwa kuwa haikuwa mechi. Mwaka 1973 Chile na Umoja wa Kisovieti walikutanishwa kugombea tiketi ya Kombe la Dunia la mwaka uliofuata. Mchezo wa kwanza, Moscow, uliisha bila bao mnamo Septemba 26, siku 15 tu baada ya Jenerali Augusto Pinochet kuipindua serikali ya Salvador Allende. Mchezo wa marudiano ulipangwa kuchezwa Estadio Nacional, Santiago, uwanja ambao jeshi lilikuwa limeugeuza gereza na kujaza humo maelfu ya watu. FIFA ilituma wajumbe kuukagua. Wakazunguka, wakatazama nyasi, wakaandika kwamba hali ni shwari na mchezo unaweza kuendelea. Wasovieti wakakataa kwenda. Basi Novemba 21 wachezaji wa Chile waliingia uwanjani peke yao, wakajipanga, filimbi ikalia, wakapasiana mpira taratibu kuelekea goli lisilo na mlinda mlango, na nahodha Francisco Valdés akausukumia wavuni. Mchezo ukaishia hapo, na Chile wakapewa ushindi wa mabao mawili kwa sifuri. Mmoja wa waliokuwa uwanjani siku ile, Carlos Caszely, hakuwahi kuuficha upinzani wake kwa utawala ule, na mwaka 1988 mama yake alijitokeza kwenye televisheni, katika kampeni ya kura ya maoni, akaeleza jinsi alivyotekwa na kuteswa na watu wa Pinochet. Kila ninaposikia msemo kwamba mpira na siasa ni mbalimbali, mimi huwaona wale wakaguzi wakipapasa nyasi.

Nawe pia, Mjomba, si kila siku unauamini msemo huo. Ni nani aliyenisimulia habari za Didier Drogba, kama si wewe? Ulinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema kwa sauti yako: Oktoba 2005, mjini Omdurman, Kodivaa wamewafunga Sudan 3 kwa 1, Kamerun wamekosa penalti katika dakika za mwisho dhidi ya Misri, Kodivaa wanakwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na katika chumba cha kubadilishia nguo Drogba anashika kipaza sauti, wenzake wanamzunguka, wanapiga magoti mbele ya kamera na kuwaomba wananchi wenzao waliogawanywa na vita waweke silaha chini na kufanya uchaguzi. Kisha huongeza ile mechi ya Juni 2007 dhidi ya Madagaska, iliyochezwa Bouaké, ngome ya waasi, na hapo huvua miwani na kuifuta. Vita havikukoma kwa sababu ya magoti yale peke yake. Palikuwa na mazungumzo na mikataba. Lakini kuwaomba watu waweke silaha chini na kupiga kura, kama si siasa, sijui tuite nini. Nadhani hukuiita siasa kwa sababu ilikugusa.

Ndiyo maana nilikasirika siku ile ya Novemba 2022, katika Kombe la Dunia la Qatar, wachezaji wa Ujerumani walipoziba midomo yao kwa viganja wakati wa kupiga picha kabla ya mechi na Japani, kuonyesha kwamba FIFA imewanyamazisha, nawe ulicheka baada ya dakika 90 na kusema wangeziba goli badala ya midomo. Utani ulikuwa mzuri, nakiri, maana walifungwa 2 kwa 1. Sikuombi hata kidogo ukubaliane na ujumbe wa kile kitambaa cha unahodha cha OneLove, cha kupinga ubaguzi ukiwamo wa wapenzi wa jinsia moja, ambacho manahodha wa nchi saba za Ulaya walitaka kukivaa Qatar. Hapo mimi na wewe tunatofautiana na tutaendelea kutofautiana. Nataka utazame namna jambo lilivyoshughulikiwa. Saa chache kabla ya mechi ya Uingereza na Iran, manahodha waliambiwa na FIFA kwamba atakayevaa kitambaa kile huenda akaonyeshwa kadi ya njano, kwa hoja kwamba kanuni zinamtaka nahodha avae kitambaa kilichotolewa na FIFA. Siku hiyohiyo wachezaji wa Iran walisimama kimya wimbo wao wa taifa ulipopigwa, na hao hawakuhitaji kitambaa.

Sasa linganisha na Desemba 5, 2025, mjini Washington. Ilikuwa hafla ya kupanga makundi ya Kombe la Dunia la 2026, na chombo kilekile, ambacho kanuni zake zinasema hakiegemei upande wowote wa siasa wala dini, kilitoa tuzo mpya ya amani, na rais wa FIFA Gianni Infantino akamkabidhi Rais Donald Trump aliyeko madarakani. Sijali kwa sasa kama unampenda Trump au humpendi. Kitambaa cha mkononi ni siasa, na medali ya kumvisha rais wa nchi mwenyeji si siasa! Hili ndilo linaloniudhi katika mpira wa siku hizi kuliko VAR, ile video ya kuwasaidia waamuzi, ambayo tuiache, kwa kuwa hapo hatuna ubishi. Mlango haukuwahi kufungwa kwa siasa. Umewekewa bawabu, na bawabu anawajua wakubwa kwa majina.

Nifike kwenye fedha, na hapa sina budi kujisema mwenyewe. Ulipolalamika kuhusu dau la uhamisho wa Neymar kwenda Paris Saint-Germain mwaka 2017, euro milioni 222, ulilalamika kama mtu anayeona bei ya kitu imepanda. Nadhani lililotokea ni zaidi ya bei. Klabu ya Paris Saint-Germain ilikuwa mikononi mwa mfuko wa uwekezaji wa dola ya Qatar tangu 2011. Manchester City ilinunuliwa mwaka 2008 na mwanafamilia wa watawala wa Abu Dhabi. Newcastle United ilichukuliwa mwaka 2021, sehemu kubwa yake ikienda kwa mfuko wa dola ya Saudi Arabia, nchi ambayo imepewa Kombe la Dunia la 2034 ikiwa mwombaji pekee. Fedha za namna hiyo hazisubiri faida ya tiketi. Zinanunua jina jema. Na vita vikizuka, shabiki ndiye anayegundua kwanza kwamba klabu yake ilikuwa sehemu ya mambo ya nje: Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mali za Roman Abramovich, tajiri Mrusi aliyemiliki Chelsea, zilipozuiwa na serikali ya Uingereza, klabu hiyo ilikatazwa kuuza tiketi mpya na duka lake likafungwa.

Klabu yangu unaijua, kwa hiyo sitaitaja. Siku iliponunuliwa na fedha za namna hiyo, mimi ndiye niliyekupigia simu nikipiga kelele kwamba sasa tutasajili tunaowataka. Sikuuliza fedha zimetoka wapi wala zinataka nini. Nilianza kuuliza baadaye, polepole, na bado kila mwisho wa juma nakaa kitini pangu na kushangilia. Ukiniambia kwamba sina haki ya kuhubiri, sitakujibu.

Lakini nawe uwe mkweli kuhusu Aprili 2021. Klabu 12 kubwa za Ulaya zilitangaza usiku wa Jumapili kwamba zinaanzisha ligi yao ya kujifungia, Super League, na kufikia Jumanne usiku klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Mashabiki walijaa barabarani, wengine wakazuia basi la timu yao wenyewe, na waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, Boris Johnson, akaahidi kutumia hata sheria kuizuia ligi hiyo. Uliposikia habari za Johnson ulipiga meza kwa furaha. Hukusema mwanasiasa aondoke mpirani. Ulisema, "Safi sana!"

Kuna mahali ambapo uko sahihi, nami nilichelewa kukubali. Kauli nyingi za siku hizi ni nyepesi: mabango yaliyopitishwa na wadhamini, dakika moja ya kujionyesha wema, kisha mchezo unaanza na hakuna aliyepoteza chochote. Mtu aliyechoka wiki nzima ana haki ya dakika 90 zake bila kuhubiriwa. Kipimo changu siku hizi ni kuuliza aliyesema ameweka nini rehani. Rachid Mekhloufi alikuwa katika hesabu za kikosi cha Ufaransa cha Kombe la Dunia la 1958, akaacha vyote, akatoroka kwenda Tunis pamoja na wenzake kuunda timu ya wapigania uhuru wa Algeria, timu ambayo FIFA haikuitambua. Mashabiki wa Liverpool, Februari 2016, waliondoka kwa maelfu uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77. Timu yao ilikuwa inaongoza mabao mawili, wakayakosa mabao mawili ya Sunderland, na baada ya siku chache wamiliki wakaomba radhi na kufuta bei ile. Ulisema shabiki wa kweli hatoki kabla ya filimbi. Mimi naona walitoka kwa sababu walitaka wajukuu wao waweze kuingia.

Nitakurudishia daftari nikija Jumapili. Usistuke ukifungua kati ya ukurasa wa 1970 na wa 1974, nimeandika mstari mmoja hapo, kwa penseli, ili ukitaka uufute: "Novemba 21, 1973, Santiago. Chile 1." Upande wa pili wa mstari nimeuacha wazi, kwa kuwa hapakuwa na timu.

Wako mtiifu,
Mpwa wako