Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyenzo Rejea za Kupimia Vekta za Virusi

Ndugu wanachama,

Mwaka tunaoufunga tumeutumia zaidi kwa jambo moja: kuhimiza kila maabara inayotangaza idadi ya vekta (virusi vilivyobadilishwa ili vipeleke jeni ndani ya seli) ieleze pia ilipata idadi gani ilipoipima nyenzo rejea, yaani sampuli ya pamoja ambayo idadi yake imekubaliwa, kwa njia ileile. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya mhazini, nami sitayarudia.

Wenzetu waliojiunga karibuni wameuliza kwa nini tunalishikilia sana hilo. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki dunia nchini Marekani baada ya kupewa vekta ya adenovirusi katika jaribio la tiba ya jeni. Wakati huo kila kituo kilihesabu chembe za virusi kwa namna yake, na dozi za kituo kimoja hazikuweza kulinganishwa kwa uhakika na za kingine. Mwaka 2002 ikapatikana nyenzo rejea ya adenovirusi aina ya 5, yenye chembe bilioni 580 kwa mililita.

Nyenzo rejea ya AAV2 (aina ya 2 ya AAV, virusi vidogo vinavyotumika pia kama vekta), iliyopimwa na maabara 16 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, inafundisha zaidi. Katika kila mililita mna maganda ya protini bilioni 918, lakini jenomu (DNA inayobebwa ndani ya ganda) ni bilioni 32.8 tu, yaani takriban jenomu moja kwa kila maganda 28. Mtafiti anayeandika dozi kwa chembe, yaani kwa maganda, na mwenzake anayeiandika kwa jenomu wanaweza basi kupishana mara 28 bila yeyote kati yao kukosea hesabu, ilhali maganda matupu nayo huamsha kinga ya mwili wa mgonjwa.

Kosa tulilolijadili kwa kirefu ni la PCR, njia ya kuhesabu jenomu kwa kunakili DNA mara nyingi. Anayechora mstari wake wa ulinganisho kwa plazimidi (DNA ndogo yenye umbo la pete) ikiwa bado ya duara, ambayo hunakiliwa kwa shida kuliko iliyokatwa, huiona sampuli ya vekta kuwa na jenomu nyingi kuliko ilizonazo. Nawashukuru kwa dhati wanachama waliokubali kulitaja kosa hilo mbele ya wenzao, maana bila wao tungeendelea kulaumu mashine.

Nasisitiza pia kwamba nyenzo rejea ni chache, haifai kumalizwa kwa vipimo vya kila siku; kila maabara iandae sampuli yake ya kazi na kuisawazisha nayo. Wala ya AAV2 haisimami badala ya ile ya AAV8, aina nyingine ya AAV iliyopata yake mwaka 2014, kwa kuwa kingamwili inayolitambua ganda la moja huenda isilitambue la nyingine.

Upimaji wa uwezo wa kuambukiza seli bado ndio unaotutofautisha zaidi, kwani idadi ya chembe zinazoambukiza hubadilika kulingana na seli zilizotumika na mikono iliyozitunza. Kabla ya mkutano ujao, kamati inaomba kila maabara ilete matokeo yake ya siku tatu tofauti, yote, pamoja na yale yasiyopendeza.

Mwenyekiti